Deki ya DVD na Risiva: Namna ya Kuzioanisha

Watu wengi wanunuapo deki ya DVD ili waiunganishe na risiva ya sinema ya nyumbani, hutazama kwanza bei na jina la kiwanda. Walakini vyombo viwili vizima vyaweza kuunganishwa, picha ikaonekana na sauti isisikike. Sababu si lazima iwe ubovu. Mara nyingi vyombo hivyo havikuafikiana ni kipi kitakachoifumbua sauti.

Sauti ndani ya santuri

Filamu nyingi za DVD zina sauti ya njia sita: kushoto, kati, kulia, mbili za pembeni, na moja ya sabufa. Sauti isiyobanwa hupimwa mara 48,000 kila sekunde, na kila kipimo huweza kuandikwa kwa biti 16. Basi njia mbili tu huhitaji 48,000 × 16 × 2, yaani biti 1,536,000 kwa sekunde. Kwa mfumo wa Dolby Digital, njia zote sita hubanwa zikaenea katika biti zisizozidi 448,000 kwa sekunde. Ndiyo maana kebo ya dijitali iliyobuniwa kwa njia mbili, iwe ya shaba au ya mwanga, huweza kupitisha njia sita zilizobanwa, lakini haiwezi kupitisha sita zilizokwisha kufumbuliwa.

Namna za kuunganisha

(1) Nyaya mbili, nyekundu na nyeupe. Hizi hupitisha njia mbili tu, hata kama spika ni sita.

(2) Kebo ya dijitali. Hapa risiva ndiyo ifumbuayo. Deki haina budi kurekebishwa ili itoe sauti ikiwa bado imebanwa. Ikirekebishwa itoe PCM, njia sita hupunguzwa kuwa mbili. Aidha, sauti ya DTS ikipelekwa kwa risiva isiyoujua mfumo huo, husikika mchakacho au kimya kitupu.

(3) Nyaya sita za analogia. Deki hufumbua yenyewe, nayo risiva hukuza tu. Vyombo vyote viwili sharti viwe na matundu sita.

(4) HDMI, iliyotolewa mwaka 2002. Kebo hii moja hubeba picha pamoja na sauti, hata njia nane zisizobanwa. Kwa hiyo chombo chochote kati ya viwili chaweza kufumbua. Hata hivyo, baadhi ya risiva za mwanzo huipitisha HDMI kwenda kwenye televisheni bila kuchukua sauti yake.

Hitimisho

Kabla ya kulipa fedha, mnunuzi, au mwalimu anunuaye kwa ajili ya shule, atazame migongo ya vyombo vyote viwili na kulinganisha matundu na alama za mifumo. Kisha avijaribu pamoja kwa santuri anayoifahamu. Deki ya bei nafuu inayoafikiana na risiva ina manufaa kuliko ya ghali isiyoafikiana nayo.