Marekani: Sheria ya Rosa na uzito wa neno

Tarehe 5 Oktoba mwaka 2010, Rais Barack Obama wa Marekani alitia saini sheria fupi iliyobadili istilahi moja. Katika sheria kadhaa za serikali kuu zinazohusu afya, elimu na kazi, maneno yenye maana ya "kudumaa kwa akili" yaliondolewa, na mahali pake pakawekwa "ulemavu wa akili".

Sheria hiyo ilipewa jina la Rosa Marcellino, msichana wa jimbo la Maryland mwenye hali iitwayo Down syndrome, aliyekuwa na umri wa miaka 9. Familia yake ilianza kudai mabadiliko katika jimbo lao. Kaka yake aliwaeleza wabunge wa Maryland kwamba jinsi unavyomwita mtu ndivyo unavyomtendea. Baadaye Maseneta Barbara Mikulski wa chama cha Democratic na Mike Enzi wa Republican walilifikisha suala hilo katika Bunge la taifa.

Istilahi iliyofutwa haikuanza kama tusi. Mapema katika karne ya 20, madaktari waliwapanga watu hao katika madaraja kwa majina ambayo leo ni matusi ya mitaani. "Kudumaa kwa akili" kukachukua nafasi ya majina hayo kama lugha ya staha. Miaka ilivyopita, nako kukageuzwa kejeli, huku kukibaki katika mafaili ya shule na hospitali.

Hata hivyo, watunga sheria walihitaji hadhari. Huduma na haki nyingi zilifungamana na istilahi hiyo, na kuifuta ovyo kungeweza kumnyima mtu stahili yake. Kwa hiyo sheria ilitamka wazi kwamba haibadili haki, wala fasili, wala sifa za wanaostahili huduma. Majimbo nayo hayakulazimishwa kubadili sheria zao.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mahakamani. Mwaka 2002, Mahakama ya Juu ya Marekani ilipiga marufuku adhabu ya kifo kwa watu wenye ulemavu huo, ikitumia jina la zamani. Mwaka 2014, katika kesi ya Hall dhidi ya Florida, mahakama hiyo ilitumia jina jipya na kuitaja Sheria ya Rosa. Jina lilibadilika, kinga ya uhai haikuguswa.

Mwaka huo huo wa 2010, Tanzania nayo ilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Humo pia, mtu anatajwa kwanza, ulemavu baadaye.