Debe la Kupigwa na Debe la Kupimia

Mwingereza akitaka kusema kwamba fulani anasifu kitu ili watu wakipende, husema anakipigia ngoma. Sisi twasema anakipigia debe, na ndugu zetu wa Tanzania husema pia anakipigia chapuo. Chapuo ni ngoma ndogo. Lakini debe lina siri yake.

Ngoma huundwa ipigwe. Debe liliundwa litiwe kitu. Madebe yalituijia na mafuta ya taa, galani nne, yaani lita kama 18, na jina lake tumelipata kwa Wahindi. Mafuta yalipokwisha, bati likapewa kazi nyingine: kutekea maji, kuezekea banda, na hata kuamshia watu daku mwezi wa Ramadhani. Basi ili debe livume, sharti kwanza liwe tupu.

Jambo hili nimelifahamu vizuri huku Matisi, kando ya mji wa Kitale. Ukienda stendi mjini, mpiga debe anaita abiria wa Webuye na Bungoma, akiapa kuwa gari limejaa na laondoka sasa hivi. Ukiingia, wakuta watu watatu. Gari si lake, safari si yake. Yeye hulipwa kwa kujaza viti.

Rudi sokoni, utaliona debe lenyewe, likipima mahindi ya Trans Nzoia. Hapa hakuna apigaye kelele. Muuzaji hulijaza mpaka likafanya kilima, na mnunuzi mwerevu huchungulia chini, asije akapimiwa kwa debe lililobonyezwa tako. Debe la namna hiyo humla mtu riziki yake, na sisi Waislamu tumeonywa vikali juu ya wapunjao vipimo katika sura ya 83, Al-Mutaffifin.

Kusifu si dhambi, na bidhaa njema yahitaji kujulikana. Lakini wahenga walikwisha kutuambia kuwa debe tupu haliachi kuvuma, na kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa hiyo akija mtu kumpigia debe mgombea, dawa au duka, tusikawie kwenye mlio. Tuchungulie ndani, kisha tutazame na tako. Debe lililojaa, hata ukiligonga, halina kishindo. Lakini ndilo lilishalo watoto.