Bwana Steve Kumbe ni Bibi

Kosa nililifanya mimi, tena mchana kweupe, kwa hivyo heri nilisimulie mwenyewe kabla halijasimuliwa na aliyetendewa.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana kazi katika kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini hapa Mombasa. Kampuni siitaji. Yeye ndiye mkubwa wa idara ya kompyuta. Chini yake wamo vijana saba, na programu zote zinazofuata mzigo tangu unaposhuka melini hadi unapotoka getini haziguswi ila kwa idhini yake. Siku hiyo nilimpelekea funguo alizozisahau kwangu. Nikaingia ofisini, nikamwona kijana mmoja mrefu, kafunga tai, kasimama na karatasi mkononi, na ubavuni pake mpwa wangu ameketi na buibui lake. Nikampa kijana mkono. "Mkubwa," nikamwambia, "samahani kwa kuwaingilia kazini. Naomba ruhusa niseme na huyu mwanangu dakika moja."

Kijana akababaika. Kumbe ndiye mdogo wa wote pale, hata mwaka hajamaliza, na ile karatasi alikuwa ameileta itiwe sahihi na huyo "mwanangu".

Jioni mpwa wangu alipopita nyumbani nikamtaka radhi. "Usijali, mjomba," akasema, "wewe si wa kwanza wala si wa mia." Ndipo akanifungulia yaliyo moyoni. Wageni wakija humwuliza bosi yuko wapi, na wengine humwagiza chai. Mkutanoni akitoa shauri watu hutazama dirishani. Shauri lilo hilo likitoka kwa mwanamume dakika kumi baadaye, kalamu zote huandika. Ilipotokea nafasi ya kusimamia kompyuta za matawi yote, aliulizwa kama mumewe ataridhia asafiri mara kwa mara. Mwenzake, ambaye ana wake wawili, hakuulizwa kama wataridhia. Nafasi akapewa yeye.

Lakini lililonishtua ni la mwisho. Miezi mitatu sasa, mpwa wangu hatii jina lake kwenye barua pepe za kazi. Hutia herufi moja, kisha jina la baba yake. Majibu, asema, yanakuja upesi kuliko zamani, na yote yanaanza na "Bwana".

Nikakumbuka habari niliyoisoma Agosti 2025, alipofariki huko Uingereza Bi. Stephanie Shirley, naye ana miaka 91. Nikamwambia mpwa wangu akae nimhadithie.

Bibi huyu alizaliwa Dortmund, Ujerumani, mwaka 1933, na baba yake alikuwa Myahudi. Mwaka 1939 akapandishwa treni pamoja na dada yake, wakapelekwa Uingereza kuepushwa na Hitler. Alikuwa na miaka mitano. Alipokua akaingia kazi ya kompyuta, na mwaka 1962 akaanzisha kampuni yake ya kuandika programu kwa mtaji wa pauni 6. Zamani hizo kuuza programu peke yake, bila mashine, kulionekana kama kuuza upepo. Na mwuzaji ni mwanamke! Akaandika barua kwa makampuni makubwa, hakuna aliyejibu. Mumewe ndiye aliyempa shauri: badala ya Stephanie, tia sahihi "Steve", jina la kiume. Milango ikaanza kufunguka. Mwenyewe alipenda kusimulia kuwa alipoitwa kuonana na wakubwa, alikuwa ameshaingia na kuwapa mkono kabla hawajatambua kwamba Bwana Steve ni bibi.

Tena tazama alivyofanya kazi. Aliajiri wanawake waliokuwa na elimu hiyo lakini wamekaa nyumbani kwa sababu wamezaa. Waliandika programu kwa pensili na karatasi juu ya meza ya kulia, wakazituma kwa posta zikatobolewe kwenye kadi na kupitishwa kwenye mashine. Simu ikilia, Bi. Shirley hufungulia ukanda wenye mlio wa taipureta, mteja asisikie mtoto akilia bali adhani amepiga ofisini. Katika wafanyakazi 300 wa kwanza, 297 walikuwa wanawake. Hao ndio walioandika programu za kile chombo kinachoweka kumbukumbu za safari ndani ya Concorde, ndege iliyokimbia kuliko sauti.

Mwaka 1975 Uingereza ikapitisha sheria ya kukataza ubaguzi wa jinsia kazini, na kampuni yake, iliyokuwa ikitafuta wanawake, ikalazimika kufungulia wanaume mlango. Hapo mpwa wangu alicheka mpaka chai ikamwagika.

Sheria na sisi tunayo. Ipo Sheria ya Ajira ya 2007, na Katiba ya 2010 katika kifungu cha 27. Lakini nani atamshtaki mtu kwa kutazama dirishani? Huko San Francisco, mwaka 2012, Bi. Ellen Pao aliishtaki kampuni kubwa ya kugharimia biashara za kompyuta akidai amenyimwa cheo kwa uanamke wake. Jopo la raia waliosikiliza kesi likayakataa madai yake yote. Mambo haya hayaachi alama ya mkono. Na mjomba aliyempa mkono asiyestahili, mahakama gani itamwita?

La aibu zaidi ni kwamba mimi, kila Maulidi, huwahadithia watoto habari za Bi. Khadija: mfanyabiashara, mwenye mali yake, aliyempa Mtume (S.A.W.) kazi ya kusimamia msafara wake wa biashara kwenda Sham. Naisimulia kwa madaha. Kisha naingia ofisini namtafuta mwenye tai.

Nilidhani hadithi ya Steve itamliwaza mpwa wangu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mjomba, huyo alificha jina mwaka 1962. Mimi nalificha leo." Mimi sikuwa na la kumjibu. Akatoa simu akanionyesha barua ya kuwaandikia watu wa kampuni moja ya meli wanaotaka programu mpya. Maneno yote tayari, ila mahali pa jina pako wazi.

"Ungekuwa wewe ungetia lipi?" akaniuliza.

Nikamwambia atie lake zima, kama nilivyolisikia siku alipopewa. Akaliandika, akalitazama, akaituma barua. Wanakuja Alhamisi. Ameniomba siku hiyo nisipite ofisini.