Magharibi Ndani ya Figo

Ramadhani ikiangukia kaskazi, Lunga Lunga hapakaliki. Saa nane mchana madereva wa malori yanayosubiri kuvuka kwenda Horohoro hujibanza uvunguni mwa magari yao, na wanafunzi wangu waliofunga hunitazama midomo imewakauka. Hapo ndipo hupenda kuwafundisha figo. Hakosi mmoja wa kuuliza, "Mwalimu, kiu haiziharibu?" Kwa mtu mwenye afya, kiu ya kutwa figo huimudu. (Mwenye ugonjwa wa figo au sukari amwone daktari kabla ya kufunga.) Mimi huwageuzia swali: jioni, ukishateremsha tende kwa dafu na bilauri mbili za maji, kwa nini seli zako za figo hazipasuki?

Figo mbili huchuja lita 180 hivi kwa siku, na karibu maji yote hurudi mwilini. Kazi ya kuukoleza mkojo hufanyika ndani kabisa, katika medula, palipolundikana chumvi na yurea. Damu ina mkolezo wa miliosmoli 290 hivi kwa kilo ya maji. Medula ya aliyeshinda na kiu yaweza kufika 1,200, ukali wa kiasi cha maji ya bahari. Seli ya kawaida ikitiwa humo hunywea kama ng'onda juani. Seli za medula hujihami kwa kuingiza chumvi upesi, kisha polepole huweka akiba ya vitu visivyodhuru protini zao: sobitoli, inositoli, betaini, taurini. Ndani kukikolea sawa na nje, maji hayatoki.

Basi akiba ile ile huwa balaa baada ya adhana. Maji yakiingia, homoni inayoyabania hupungua, medula hupoa ukali, na seli iliyosheheni huanza kuyavuta. Inavimba. Wala haina pampu ya maji. Hakuna seli mwilini mwetu iliyo nayo. Inachoweza ni kuacha mali yake iende: mifereji ya protini kwenye utando hufunguka, potasiamu hupita yake, kloridi yake, taurini na inositoli nazo hutoka, na maji hufuata nyuma.

Umeme wa mfereji ule wa kloridi ulipimwa tangu miaka ya 1980, lakini protini yenyewe haikujulikana hadi 2014. Makundi mawili yaliipata mwaka huo huo: la Thomas Jentsch mjini Berlin na la Ardem Patapoutian, mzaliwa wa Beirut, huko California. Wote walitumia seli za HEK293, ambazo asili yake ni figo ya kijusi cha binadamu. Mbinu yao naihusudu. Waliziwekea seli protini inayong'aa, ambayo ayodidi ikiingia kupitia mfereji huo hufifia. Wakapunguza ukali wa maji ili seli zivimbe na kufungua mifereji, huku wakizima jeni moja moja, maelfu kwa maelfu. Pale mng'ao ulipogoma kufifia, jeni iliyozimwa ilikuwa LRRC8A.

Kutoa huanza mara moja, ila kukusanya upya huchukua saa nyingi, hata siku, kwa sababu seli hulazimika kwanza kutengeneza vimeng'enya na protini za kubebea. Kwa hiyo anayeamka kula daku huenda ana seli zilizokwisha kupunguza akiba ya jana, na mchana zitatakiwa kuirudisha.