Tusizike Nuru ya Watoto Wetu

Mzazi wa Mikindani aonapo weupe umetanda juu ya jicho la mwanawe hulijua jina la ugonjwa huo: chamba. Asilolijua, na ambalo wengi wetu hatulijui, ni kwamba chamba kingine hutibika kwa kuiondoa konea iliyoharibika na kushonea nyingine mahali pake. Konea hiyo aghalabu hutoka kwa binadamu mwenzetu aliyefariki. Hapo ndipo penye kazi, na hapo ndipo sisi watu wa pwani tunapopaswa kutafakari bila haya wala hofu.

Konea ni kile kioo cha mbele ya jicho kipitishacho mwangaza. Unene wake katikati ni kama nusu milimita, nayo haina mishipa ya damu. Wengi huchanganya chamba na mtoto wa jicho, ilhali hayo ni maradhi mawili. Mtoto wa jicho ni ukungu wa lenzi iliyo ndani, na lenzi ya badala hutengenezwa viwandani kwa wingi. Kwa konea hali ni tofauti: pasipo mtoaji, daktari hodari huketi mikono mitupu.

Tiba hii si ngeni duniani. Mnamo tarehe 7 Desemba 1905, katika mji wa Olomouc ulioko sasa Jamhuri ya Cheki, Dkt. Eduard Zirm alimpandikizia konea kibarua aliyeunguzwa macho kwa chokaa. Konea hiyo ilitoka katika jicho la mvulana wa miaka 11, lililokuwa limeondolewa baada ya kuumia. Mtu mzima alirudishiwa uoni kwa jicho la mtoto. Zaidi ya karne imepita, na sasa ni watoto wanaowangojea watu wazima.

Lakini tusidanganyane. Upandikizaji wa konea kwa mtoto mdogo ni mgumu kuliko kwa mtu mzima. Jicho lake ni laini na kinga ya mwili wake ni kali, kwa hiyo konea ngeni hukataliwa kwa urahisi zaidi. Nyuzi zilizo nyembamba kuliko unywele hulegea mapema na hazina budi kutolewa kwa wakati. Mara nyingi mtoto hulazimika kulazwa usingizi hata kwa kuchunguzwa tu. Isitoshe, ubongo wake hujifunza kuona katika miaka ya mwanzo ya maisha. Jicho likizibwa kwa muda mrefu katika umri huo, ubongo hulisahau, na hata konea safi ikiwekwa baadaye, uoni hauji wote. Ndiyo maana mzazi hapaswi kungoja mtoto akue.

Operesheni ni ya siku moja, bali uangalizi ni wa miaka: matone ya dawa, miwani, na kufunikwa jicho zima ili lile dhaifu lijizoeze. Mzazi wa Mikindani atakayepanda gari la moshi pale Miritini kwenda Nairobi asidhani kwamba amemaliza safari kwa tikiti moja.

Kwa watoto wakubwa na vijana matumaini ni makubwa zaidi, hasa wale ambao konea yao imechongoka. Utafiti kuhusu operesheni zilizofanywa katika hospitali ya PCEA Kikuyu, uliochapishwa mwaka 1996, ulionyesha kwamba wagonjwa wa aina hiyo walifanikiwa kuliko wengine. Kwa hiyo mtoto anayefikicha macho kila siku kwa mwasho asipuuzwe. Kufikicha huko huchangia konea kuchongoka.

Basi konea zitoke wapi? Nairobi kuna benki ya macho katika hospitali ya Lions SightFirst, Loresho, lakini benki haiwezi kutoa isichowekewa. Ulimwenguni kote, hesabu iliyochapishwa mwaka 2016 ilionyesha kuwa konea moja hupatikana kwa kila wahitaji 70. Sri Lanka, nchi isiyo tajiri, imepeleka ng'ambo makumi ya maelfu ya konea kwa sababu raia wake wameufanya utoaji huo kuwa sadaka ya kawaida. Sisi tumekosa nini?

Wengine watasema sheria. La hasha! Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamruhusu mtu kutoa viungo vyake kwa wasia, au kwa hati iliyotiwa saini naye pamoja na mashahidi wawili. Wengine watasema dini. Mwaka 1959 Mufti wa Misri, Sheikh Hassan Ma'mun, aliruhusu upandikizaji wa konea, na mwaka 1988 Baraza la Fiqhi la Kiislamu lililokutana Jeddah liliruhusu upandikizaji wa viungo kwa masharti yake. Wengine watahofia maziko kuchelewa. Konea hutolewa katika saa chache za mwanzo baada ya kifo, kazi yenyewe ni fupi, na sura ya maiti haiharibiwi. Anayezikwa siku ile ile bado anaweza kuacha nuru kwa watu wawili.

Hata hivyo, usipoziba ufa utajenga ukuta. Chamba kingi kingeweza kuzuiwa. Chanjo ya surua hutolewa bila malipo mtoto afikapo miezi 9 na tena miezi 18, na vitamini A hutolewa kila miezi 6 hadi atimize miaka 5. Chokaa na saruji zisiachwe wazi mahali watoto wachezapo. Jicho likiumia au likiwa jekundu, lisitiwe majani wala dawa ya jirani. Mtoto apelekwe hospitali kuu ya Makadara, au kituo cha macho cha Kwale, siku hiyo hiyo.

Serikali ya kaunti nayo ina wajibu. Watoto waliopandikizwa konea Nairobi wapate kuangaliwa hapa hapa pwani, kwani nauli isiyopatikana huweza kuua konea iliyopatikana kwa taabu. Maimamu na mapadri walizungumze jambo hili mimbarini. Nasi wasomaji tuwaambie jamaa zetu nia yetu tungali hai, maana siku ya msiba si siku ya kuanza kujadiliana. Konea tuizikayo haimfai maiti, lakini yaweza kumwonyesha mtoto wa jirani njia ya kwenda shuleni.