Misa ya Noeli Iliyoazima Nyimbo za Watu

Mwenye kudhani kwamba muziki wa ibada hauna budi kujitenga na nyimbo za watu wa kawaida, na wenye dhana hiyo hawakosekani hata huku kwetu Bendera na Kalemie, aisikilize kwanza Misa ya Usiku wa Manane aliyoitunga Mfaransa Marc-Antoine Charpentier, yapata mwaka 1694, kwa ajili ya kanisa la Wayesuiti la Saint-Louis mjini Paris.

Charpentier, aliyezaliwa mwaka 1643 na kupata sehemu ya elimu yake huko Roma, hakuwa mtu wa kupungukiwa na lahani zake mwenyewe; walakini kwa usiku ule alizichukua nyimbo za Noeli kama kumi hivi, ambazo Wafaransa walizihifadhi tangu utotoni, akazivika maneno ya Kilatini. “Bwana utuhurumie” ya mwanzo, ambayo wengi wetu tungeitarajia iwe ya majonzi, huenda kwa lahani ya wimbo wa ndoa ya Yusufu na Mariamu! Wala mtunzi hakuuficha mkopo huo, kwani vyombo hutangulia kuipiga lahani ili msikilizaji aitambue, ndipo waimbaji waipokee, na penginepo ameagiza kinanda kiurudie wimbo uleule peke yake.

Sisi wa Katanga ya zamani tusiistaajabie hila hii kana kwamba ni ya Wazungu pekee, maana ni huko Kamina, tarehe 23 Machi 1958, ilikoimbwa kwa mara ya kwanza Misa ya Kiluba, chini ya Padri Guido Haazen, Mfransisko wa Ubelgiji. Kilatini kilibaki vilevile, ilhali “Mtakatifu” iliimbwa kwa lahani ya wimbo wa Waluba wa kuagana. Tofauti ni kwamba Charpentier aliandika kila sauti kwa nota, na vijana wa Kamina waliizua misa yao kwa kuimba.

Kwa maoni yangu, ustadi wa Mfaransa yule hudhihiri zaidi pale anapoacha kuazima. Ndani ya Nasadiki, penye maneno ya Mungu kufanyika mwanadamu, huziweka kando nyimbo za Noeli, sauti zote zikaenda pamoja polepole, neno kwa neno, pasipo mbwembwe. Na mwalimu wa korali apahadhari hapo, kwa kuwa waimbaji waliokwisha kuchangamka hupenda kupapita mbio. Kinachofuata ndicho kilichonishangaza kuliko vyote: maneno ya Kristo kusulubiwa, wanayoyaimba wanaume watatu, yamerudishiwa lahani ya wimbo wa Noeli, tena wenye kuitangaza kwa furaha siku yenyewe ya sikukuu.