Namna za Kupata: Vitenzi Saba vya Kiingereza

Katika Kiswahili tunalo neno moja linalobeba mizigo mingi, nalo ni "kupata". Mtu wa Mazwi, katika mji wa Sumbawanga, aweza kusema kwamba amepata mshahara, amepata zawadi, amepata kiwanja na tena amepata homa, na jirani zake wote watamwelewa. Kisu kikali twasema chapata. Mtoto aliyetimiza umri wa miaka saba twasema amepata miaka saba. Neno letu haliulizi sana njia ambayo kitu kimepita hata kumfikia mtu. Latosheka kwamba kimefika.

Kiingereza nacho kina neno la namna hiyo, yaani "get". Walakini kando yake yako mengine sita, na kila moja laeleza njia yake: "earn", "receive", "win", "gain", "obtain" na "acquire". Twataka kuyaeleza kwa sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wa shule za sekondari husoma masomo yao mengi kwa Kiingereza. Pili, karatasi nyingi za biashara na za sheria zimeandikwa kwa lugha hiyo, na mtu asiyejua tofauti ya maneno haya aweza kutia sahihi jambo asilolikusudia.

Yafaa tujue kwanza asili ya maneno yenyewe. "Earn" na "win" ni ya Waingereza tangu kale. "Get" lililetwa na watu wa Skandinavia waliovuka bahari wakakaa Uingereza. Mengine manne yaliingia kwa njia ya Kifaransa, kwani mwaka 1066 Wanormani waliotoka Ufaransa waliishinda nchi ile, na kwa muda mrefu wakubwa wa mahakama na wa serikali walisema Kifaransa, hali wakulima walibaki na lugha yao. Ndiyo sababu "get" ni neno la nyumbani na sokoni, na "obtain" na "acquire" ni maneno ya ofisini. Si kosa wala si utovu wa adabu kusema "get". Lakini katika barua ya kuomba kibali, "obtain" lafaa zaidi.

Sasa tuangalie maana, na mfano wetu uwe jembe. Zamani wazee wa Ufipa walichoma mawe yenye chuma pamoja na makaa katika tanuri za udongo zilizoitwa malungu, ndefu kupita kimo cha mtu, na hewa iliingia yenyewe kwa matundu ya chini. Chuma kilichotoka humo kilikuwa na taka bado, basi wakakisafisha katika tanuri ndogo iliyopulizwa kwa mivukuto, ndipo mhunzi akafua jembe. Kazi hiyo ilikoma katika karne ya 20, ila mabaki ya malungu yaonekana hata leo.

Chuma kile kilichotolewa katika mawe, Mwingereza atakitajia "obtain", yaani kupata kwa kukitafuta kwa njia maalum. Kadhalika mtu hupata kibali ofisini, au habari kwa kuuliza. Lakini ule ustadi wa mhunzi hakuupata kwa siku moja. Aliuokota kidogo kidogo kwa kukaa na wazee wake, hata ukawa mali yake. Hapo neno ni "acquire", nalo hutumika kwa elimu, kwa lugha, kwa mazoea na kwa mali.

Kijana aliyelima shamba la mwenziwe siku kadhaa, naye akalipwa jembe, neno lake ni "earn", maana jembe ni ujira wa jasho lake. Binti aliyepewa jembe na mjomba wake hakutoa jasho. Yeye amelipokea, na neno ni "receive". Neno hili halisemi kama mtu alistahili au hakustahili. Lasema tu kwamba kitu kimetoka mkono mmoja kikafika mkono mwingine. Wanafunzi waangalie pia maandishi yake, kwa kuwa baada ya herufi c huja e kabla ya i.

Aliyelipata jembe kwa kuwashinda wenziwe katika mashindano, neno lake ni "win". Hapa wasemaji wa Kiswahili hukosea mara nyingi. Sisi twasema timu yetu imeshinda mchezo, na tena imewashinda wageni, kwa neno lilo hilo. Mwingereza hutenga: mchezo, zawadi au kesi huichukulia "win", bali mpinzani humchukulia "beat". Ukisema kwa Kiingereza kwamba "we won Mpanda", atafahamu kuwa mji wa Mpanda ndio zawadi mliyopewa!

Limebaki "gain". Neno hili lafanana na "kuongeza" na "kufaidi". Mtu ambaye amekuwa mnene ame-"gain" uzito. Mwalimu wa miaka mingi ame-"gain" ujuzi wa kazi. Hata saa inayokwenda mbio kuliko majira ya haki, Waingereza husema ina-"gain" dakika tano. Mwenye jembe, akivuna zaidi kwa sababu ya jembe lake, nyongeza ile ndiyo "gain".

Tumesema kwamba tofauti hizi zaweza kumfaa mtu au kumdhuru. Mathalani, mkulima wa mahindi apeleka magunia yake kwa mnunuzi, naye apewa karatasi yenye neno "received" na kiasi cha fedha, atie sahihi chini yake. Akitia, amekiri kwamba fedha imekwisha kufika mkononi mwake, ijapokuwa ameambiwa kwa mdomo arudi kesho. Siku ya mashaka, karatasi itasema na mdomo utanyamaza. Hali kadhalika katika karatasi ya mshahara: lililoandikwa "earnings" ni jumla ya alichokichuma mfanyakazi kabla ya makato, wala silo atakalolipokea.

Mahakamani maneno haya yana uzito zaidi. Katika Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, liko kosa la kujipatia mali kwa udanganyifu, na kitenzi chake ni "obtain". Na liko kosa la kupokea mali ya wizi, na kitenzi chake ni "receive". Mtu aweza kusema, "Mimi sikuiba, nilipokea tu." Lakini ikiwa alijua, au alikuwa na sababu ya kuamini, kwamba kitu kile kimeibwa, kupokea kwenyewe ndilo kosa lake.

Tena iko Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967. Kwa Kiingereza utwaaji huo huitwa "acquisition", jina litokanalo na "acquire", lile neno la mhunzi na ustadi wake. Hapa anayepata ni serikali: Rais aweza kuitwaa ardhi kwa manufaa ya umma, na sheria yataka fidia ilipwe. Basi mwanakijiji akiona neno hilo katika tangazo linalotaja shamba lake, asidhani kwamba ni yeye anayepewa ardhi. Na asome haraka, aulize haki yake ya fidia mapema, kabla ya siku za madai kupita.

Kwa hiyo twawashauri wasomaji wetu, wanapokutana na neno la Kiingereza lenye maana ya kupata, waulize mambo matatu: Ni nani anayepata? Apata kutoka kwa nani? Na kwa njia gani: kwa jasho, kwa zawadi, kwa mashindano, kwa ombi, au kwa nguvu ya sheria? Mwanafunzi akizoea maswali hayo hatababaika katika mtihani. Na mkulima asitie sahihi chini ya "received" mpaka amekwisha kuzihesabu fedha zake, kwa maana wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.